Mgeni wa Molveta

Meza ya Edna Crowther ilivaa gazeti. Tangu kiwanda cha pamba kifungwe, meza nyingi za mtaa ule zilivaa gazeti, ila Edna alilibadilisha kila Jumamosi, akipewa kuukuu na muuza samaki wa kukaanga, na ndivyo mwaka wa 1936 ulivyompitia huku akifuta makombo. Januari mfalme mzee alifia chini ya sahani ya mumewe, Wilf. Agosti vijana walikimbia mbio Berlin. Kisha vikaja vita vya Hispania, nyumba zimepasuka matumbo, vitanda vinaning'inia hewani. Na kila wiki, kona ileile, kwenye tangazo la unga wa kinywaji, mtoto mwenye mashavu ya mviringo alishika kikombe kinachofuka mvuke: Nyumba yenye Molveta haina mtoto dhaifu.

Doreen, mwanawe wa miaka saba, alijifunza kusoma kwa maneno hayo. Aliyasoma huku akikohoa. Daktari alikuwa ameagiza maziwa, nyama na hewa safi, akavaa kofia yake akaenda zake. Nyama hawakuwa nayo, na hewa ya mji ule ilikuwa moshi mtupu. Maziwa yalipatikana kikombe kwa siku, kutoka kwenye posho ya wasio na kazi aliyopewa Wilf.

Mwishoni mwa Novemba tangazo lilikuja na jipya. Mtu wa Molveta angepita miji ya pamba akigonga milango, siku asiyoijua mtu. Nyumba atakayoikuta nadhifu, kopo liko rafuni, na mwenye nyumba akayatamka yale maneno bila kukosea, ingepewa Molveta ya mwaka mzima. Edna alilisoma tangazo lile mpaka wino ukamganda kidoleni.

Molveta hakuwahi kuinunua. Alikwenda kwa jirani wa ukuta wa pili, Mama Clegg, mjane aliyekula pensheni ya mume aliyefia vitani. Mama Clegg alimpa kopo tupu la zamani, kwani lile alilokuwa akitumia lilikuwa bado nusu. Akaongeza kitambaa cheupe cha meza, vikombe viwili vyenye maua, na saa yake ya kugonga, iliyokaa juu ya meko tangu siku ya harusi.

"Chukua na saa, mwanangu," alisema. "Nyumba isiyo na saa kama wenyewe wamehama. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wilf hakupenda. Mtaani pale kulikuwa na desturi: mkaguzi wa posho akionekana mwanzo wa mtaa, redio na cherehani zilirukishwa ukuta wa nyuma kwenda kwa asiyekaguliwa, maana kila kitu chenye thamani kilipunguza posho.

"Watu wanatoa vitu nje," alisema, "wewe unaviingiza ndani."

Edna alimjibu kwamba mzee Holroyd, mkaguzi wao mwenye masharubu, alikwishapita Oktoba, na harudi kabla ya mwaka mpya. Tena yule huja kuchukua. Huyu anakuja kutoa.

Mlango uligongwa Jumanne, Wilf akiwa ameenda kupanga foleni ya kibarua. Mlangoni alisimama kijana mwenye kofia nzuri na mkoba wa ngozi. Alifuta viatu vyake kwa adabu.

"Bibi Crowther? Nadhani unajua kilichonileta."

"Tumekungoja kwa hamu, bwana," alisema Edna kwa furaha.

Alimketisha mbele ya kitambaa cheupe. Kijana aliitazama saa, akavitazama vikombe, akatazama rafuni. Edna hakungoja kuulizwa. Alisimama wima, mikono mbele ya aproni, akayatamka maneno yote bila kukosea.

"Na mtoto anakunywa?" kijana aliuliza.

"Kila asubuhi na kila jioni."

Doreen alikuwa ameonywa asikohoe. Alikaa kwenye kigoda, uso umemwiva kwa kukizuia kikohozi, na kijana akasema mtoto ana rangi nzuri. Kisha akafungua mkoba. Edna alinyoosha mikono apokee.

Ilitoka fomu ya kamati ya posho.

"Bwana Holroyd amestaafu," kijana alisema, akifungua kalamu. "Mtaa huu sasa ni wangu. Hiyo saa inagonga vizuri?"

Edna alishika ukingo wa meza. "Si yangu, bwana. Kitambaa si changu. Vikombe, vyote, ni vya jirani."

Kijana hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kila nyumba ninayoingia, bibi, saa ni ya jirani. Natamani siku moja nikutane na huyo jirani mwenye saa zote hizo."

Edna alilivuta kopo, akalifungua, akamwinamishia. "Tupu. Tazama."

"Naona. Mmelimaliza."

"Muulize Mama Clegg, hapo tu."

"Majirani hulindana. Ni jambo jema." Aliendelea kuandika. Alipomaliza alishukuru kwa kukaribishwa vizuri, jambo ambalo, alisema, halimpati mara nyingi.

Posho ilikatwa Ijumaa. Wilf hakumgombeza, alikaa tu akivitazama viatu vyake, na Edna alitamani ampigie kelele. Kikombe cha maziwa cha Doreen kikawa cha siku kwa siku, leo kipo, kesho hakipo. Saa ilirudi kwa mwenyewe. Kitambaa na vikombe vilirudi. Lile kopo Edna alilitupa jalalani, akajiapiza kwamba hatadanganywa tena na mtu mwenye mkoba.

Wiki iliyofuata meza ilivaa mfalme mpya, aliyeacha kiti cha enzi kwa ajili ya mwanamke.

"Huyu naye hana kazi sasa," alisema Wilf. "Waende wakamkague." Akatoka kwenda kwenye foleni yake.

Hakuwa amefika mbali mlango ukagongwa. Alikuwa mtu mnene mwenye uso wa bashasha, kofia mkononi, na mkoba mkubwa begani.

"Hujambo, mama. Kuna Molveta humu ndani?"

Mara hii Edna alikuwa tayari. "Hakuna."

"Hata kopo la zamani?"

"Hatuna kitu, bwana. Ingia utazame mwenyewe."

Mtu yule alichungulia. Aliona meza ya gazeti, rafu tupu, na mtoto kwenye kigoda, akamwinamia kwa upole. "Na wewe, binti? Hujui hata maneno yake?"

Doreen alifungua kinywa. Kiganja cha mama yake kiliwahi kukiziba.

"Hajui," alisema Edna. "Hayajui kabisa."

Mtu yule alisikitika kwa dhati, akavaa kofia, akaenda mlango wa pili.

Ukuta wa pale ulikuwa mwembamba. Saa ya Mama Clegg iligonga. Kisha ikasikika sauti ya Mama Clegg mwenyewe, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayesali kanisani, na baada yake makopo yakitua mezani, moja baada ya jingine. Edna hakuondoa mkono. Chini ya kiganja chake midomo ya Doreen ilikuwa ikicheza, ikiyafuata maneno yale mpaka mwisho bila kukosea, na hapo kikohozi kikaja.