Oveni Iliyozoea Kugombezwa

Mzungu wa Mweiga alipouza shamba akarudi kwao na Memsabu, mkewe, Uhuru ukiwa na miaka kumi, wafanyakazi wake walipewa barua za sifa na makoti makuukuu. Mpishi wake, Wamae, alipewa oveni. Chuma tupu, ya kuni, nzito hata wanaume sita waliishusha kwenye lori nyumbani kwake Ruring'u huku wakilaani. Gathoni, mkewe, aliitazama ikiingia jikoni mwake, akahamisha mafiga yake nje. Hakuwa mtu wa maneno. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, mume anakuja nyumbani Jumapili moja kwa mwezi. Hayo maneno angemwambia nani?

Sasa binti yao Watiri alikuwa anaolewa Jumamosi, na Wamae alikuwa amejipiga kifua mbele ya wakwe kutoka Karatina: keki ataioka yeye mwenyewe, na mtu asithubutu kuleta ya duka. Haya basi. Jumatatu akaoka. Upande wa kushoto, kwenye moto, ukatoka mkaa. Upande wa kulia ukatoka uji. Jumanne, hivyo hivyo. Ya Jumatano mbuzi waliinusa wakapita.

"Sielewi," Wamae akasema, kichwa mikononi. "Oveni ni ile ile. Unga, siagi, mayai, kuni, yote ni sawa. Kwa Memsabu haikuniaibisha hata siku moja."

Gathoni naye aliiona Jumamosi ikija. Aibu isingekuwa ya mzee peke yake. Mtoto wake ndiye angesimama na kisu mbele ya kanisa zima, akikata mkaa.

Wamae akakalia debe, akawaza, na fikira iliyomjia, jamani, hata mlevi angeionea haya.

"Memsabu alikuwa ananigombeza," akasema polepole. "Kila nikioka, anaingia na Kiswahili chake cha Kizungu. 'Wamae! Wewe nalala! Keki yangu naungua!' Anatoka. Dakika kumi, amerudi tena. Hii oveni imezoea kugombezwa, Mama Watiri. Bila hivyo haifanyi kazi."

Mtu mzima, mvi kichwani, na hakucheka!

Alhamisi akaitwa Gaudencia, mke wa koplo mmoja kutoka Kakamega, ambaye mdomo wake ulijulikana nyumba zote za polisi. Akaja amejifunga leso kiunoni, tayari kwa kazi. Lakini unamwachaje mgeni akutukane akiwa amesimama? Wamae akampa kiti, akamchemshia chai, akaketi mbele yake mikono magotini, akamsikiliza kwa heshima zote. Matusi ya Gaudencia yalipofika kwa babu zake Wamae, moshi ulikuwa umejaa nyumba. Keki ile ilizikwa nyuma ya zizi.

"Si kosa lake," Wamae akasema. "Yeye ni mgeni. Anatakiwa mwenye jiko. Wewe."

"Mimi?"

"Nigombeze. Nakuomba, mama. Kwa ajili ya mtoto."

Ijumaa asubuhi Gathoni akasimama mlangoni. "Wamae," akasema. "Ee... keki."

"Kwa nguvu!"

"Wewe... nalala." Akaona haya, akataka kutoka. Ndipo alipomtazama vizuri. Mzee ameketi kando ya moto, miguu kainyoosha, starehe kabisa. Kitu kikampanda Gathoni kifuani.

"Uliketi hivyo hivyo!" akapiga kelele, hata kuku wakaruka. "Sisi wakati wa Mau Mau tunachimba mtaro wa Emergency, Watiri mgongoni ana homa, askari nyuma yetu na kiboko, na wewe umeketi kwa moto unampigia Memsabu mayai!"

Wamae akaruka kutoka kwenye debe. Akafungua oveni mbio mbio, akaigeuza sufuria ya keki mbele nyuma, kama mtu aliyefumaniwa akisinzia, akafunga. "Silali, Memsa... Mama Watiri. Silali."

Gathoni akaona. Upande uliokuwa kushoto sasa ulikuwa kulia. Tangu utotoni alikuwa akigeuza viazi kwenye majivu, hakuhitaji kuelezwa. Akatoka nje. Angeweza kurudi aseme: mzee, geuza sufuria tu, basi. Naye angesema kumbe, na yangeisha hapo.

Dakika kumi zikapita, akarudi.

"Na mama yako alipougua, ni nani alimbeba mgongoni mpaka hospitali? Wewe ulituma salamu!"

Wamae akageuza sufuria. Gathoni akatoka, akarudi. Kuhusu ng'ombe aliyeuzwa bila yeye kuulizwa, Wamae akageuza. Kuhusu Krismasi tisa ambazo hakuja nyumbani. Wamae akageuza, na safari hii akabaki ameinama.

"Ni kweli," akasema, bila kuinua macho. "Nilituma salamu tu."

Keki ilitoka ya kahawia pande zote, imesimama wima kama chifu. Watiri, aliyekuwa akichungulia dirishani na aliyefundishwa upishi shuleni, akacheka. "Lakini Baba, si ni vile unageuza..."

Gathoni akamkanyaga mguu, akamvutia kando.

"Nyamaza," akamnong'oneza. "Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Niachie."

Jumamosi keki ikakatwa, wakwe wakalamba vidole, na akina mama wa kanisa wakamzunguka Wamae wakitaka siri yake. "Oveni ni mke," akawaambia, kifua mbele, nao wakaandika.

Ijumaa iliyofuata hapakuwa na arusi wala mgeni. Gathoni alikuwa akipalilia maharagwe alipoona moshi jikoni. Akaenda kutazama. Wamae alikuwa amepasua kuni mwenyewe, amekoroga unga, sufuria imeshaingia. Alikuwa ameketi juu ya debe, kofia mkononi, macho yakitazama mlango.

"Moto uko tayari, Mama Watiri," akasema. "Juzi tuliishia kwenye zile Krismasi."