Nyumba Isiyofuka Moshi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye kipaji, maana ujinga wangu ulichekesha kilabu kizima cha pombe.

Watu wa umeme walikuwa wameleta majaribio yao hapa Didia. Nyumba chache zilipewa jiko la presha la umeme, zipikie hilo badala ya kuni, na dada mmoja wa shirika lao, Rebeka, awe anapita na gari kusoma mita aone uniti zinavyokwenda. Jirani yangu Bibi Limi, mjane anayeishi peke yake, alipata moja. Rebeka alimfundisha kwa subira: "Funga mfuniko, Bibi, usichungulie. Ukichungulia, joto lote linakukimbia." Maharage yakawa yanaiva kabla hujamaliza kufagia uwanja, na umeme ulioliwa ni kiduchu.

Basi mimi, Januari fundi baiskeli, mdomo wangu haujawahi kupewa likizo. Kilabuni nikasema, "Jamani, paa la Bibi Limi halijafuka moshi mwezi mzima, na mwenyewe ananenepa! Nani anampikia? Pita dirishani jioni, utasikia kitu kinapumua mle ndani: tsssss."

Wakacheka mpaka pombe ikamwagika. Nikanunuliwa nyingine.

Kwetu moshi ukiuona asubuhi juu ya paa, unajua wenyewe wameamka na wana cha kupika. Usipouona, unaulizia. Hilo nililijua vizuri kabisa, na bado nikalifanyia mzaha.

Wiki iliyofuata, ndama wawili wa Amosi, mkubwa wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, walikutwa wamekufa zizini. Nilipofika kilabuni nikaanza tena ile hadithi, nikafika kwenye "kitu kinapumua", nikangoja kicheko. Hakikuja.

Mtu mmoja akauliza taratibu, "Kinapumua saa ngapi?"

Mwingine akasema, "Na yule dada mwenye gari huwa anaandika nini pale?"

"Natania, jamani! Anasoma mita."

Wakanyanyuka mmoja mmoja bila kumaliza vikombe, na mlevi wa Didia kuacha pombe kikombeni si jambo dogo.

Kabla jua halijazama, yowe likapigwa. Nilikimbia. Uwanja wa Bibi Limi ulikuwa umeshajaa wanaume wenye fimbo na mapanga. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni. Ndani, jiko likatoa mvuke: tsssss. Waliokuwa mbele wakarudi nyuma, wa nyuma wakasogea mbele.

"Shikamoo, Mayu," nikamwamkia, kwa jina tunalowaitia mama zetu.

"Marahaba, Januari. Hawa ni wenzako?"

Nikawageukia. "Jamani, ni maharage hayo! Mimi ndiye niliyesema upuuzi, pombe tu ile!"

"Wewe uliona, ukacheka," Amosi akasema. "Sisi hatucheki. Kaa pembeni."

Kisha akamgeukia bibi. "Mayu, hatutaki maneno mengi. Hilo lidude lirudi kwa watu wa umeme. Washa kuni kama wenzako, tuone moshi. Usipowasha leo, hatutakuja kuuliza tena."

Fimbo zikagongwa chini, zote kwa pamoja. Na mimi, mjinga yuleyule, woga ukanishika nikaungana nao. "Mayu, washa tu. Kuni mbili. Yaishe."

Bibi Limi akasimama, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho akamtazama Amosi.

"Nilipopikia kuni, macho yakawa mekundu kwa moshi, mkasema mchawi. Sasa moshi hakuna, macho yamekuwa meupe, mnasema mchawi. Haya, Amosi mwanangu: mama yako anapikia kuni mpaka leo. Macho yake yana rangi gani?"