Dakika Kumi za Mvuke

Ule mwaka wa korona, wakati kila duka la Nyasubi lilikuwa na ndoo ya maji mlangoni na nusu ya mji wa Kahama ikijifukiza kwa mwarobaini, Daktari Cornel alikuwa akijiona mtu wa maana sana. Watafiti walipita kwenye kliniki yake ya meno na dodoso refu. Unabadilisha glavu kwa kila mgonjwa? Ndiyo. Barakoa je? Ndiyo. Vifaa vinakaa kwenye mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu dakika thelathini kamili? Ndiyo, tena hiyo aliiwekea tiki nene, bila kupepesa macho. Majibu aliyajua yote. Chuoni alikuwa hodari wa mitihani. Baadaye wakamletea cheti cha pongezi, naye akakitundika mkabala na kiti cha wagonjwa, ili mtu akifungua kinywa awe na kitu cha kusoma.

Sasa tuseme ukweli, maana cheti hakikuusema. Barakoa yake ilikuwa moja, Jumatatu hadi Ijumaa, ikilala kwenye msumari nyuma ya mlango. Glavu alizifuta kwa spiriti, mgonjwa mmoja akishuka na mwingine akipanda. Na ile mashine ilimchelewesha. Benchi likijaa watu walioshika mashavu, alichungulia chumba cha kuoshea na kuita, "Mama Jilala, toa!" Mama Jilala, aliyekuwa akimwoshea vifaa mwaka wa sita sasa, alitazama saa, akasema, "Ni dakika kumi tu, Daktari," kisha akatoa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Cornel aliuchukulia ukimya wake kuwa ni kukubali.

Jumatano alikuja mchimbaji kutoka Geita, anakohoa mpaka machozi. Aliyemfuata kitini alikuwa binti mjamzito wa Mhunze. Glavu zilezile, na koleo lililokaa kwenye mvuke dakika kumi.

"Kwani kuna aliyekufa?" Cornel alijiambia jioni akifunga mlango. Kwa kweli hakujua. Mtu akishang'olewa jino harudi kukueleza yaliyompata.

Kesho yake Mama Jilala alifika amejifunga kitenge kuanzia kidevuni hadi utosini, shavu moja limejaa.

"Mayu wane! Mama Jilala, tangu lini?"

"Tangu Jumapili, Daktari. Nilikuwa naomba ruhusa. Nataka niende Tinde."

"Tinde kuna nini?"

"Kuna mtu wa meno."

Cornel akacheka, tena kwa sauti. "Mama, unafanya kazi kwa daktari wa meno, halafu unapanda gari kwenda Tinde kung'oa jino? Watu watanielewaje? Kaa hapo, ni dakika mbili tu."

Mama Jilala hakukaa. Alikitazama kiti, akaitazama trei, akaitazama barakoa ya daktari, ambayo ilikuwa na doa la chai ya Jumanne.

"Unisamehe, Daktari," alisema taratibu, kwa heshima ileile ya siku zote. "Mimi ndiye ninayeosha."

Cornel alitamani ardhi ipasuke immeze. Angetukanwa, angejua la kujibu. Lakini huyu mama alikuwa anamwomba msamaha, yeye, kwa uchafu ambao haukuwa wake.

Alivua barakoa akaitupa. Akafungua kabati, na humo, aibu juu ya aibu, kulikuwa na maboksi mazima ya glavu na barakoa, aliyokuwa akiyabania yasiishe. Akayafungua.

"Leo tunafanya inavyotakiwa. Saa ushike wewe, mama."

Wakaketi wote wawili mbele ya mashine. Nje mtu alilalamika, "Bhebhe, we, daktari kalala humo?" Dakika thelathini zikapita, na hazikuwa nyingi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ni muda wa mtu kunywa chai na chapati bila haraka, na miaka yote alikuwa akiwanyima wagonjwa wake.

Mama Jilala akapanda kitini, akafungua kitenge. Cornel alisogea na sindano ya ganzi, glavu mpya zikimbana vidole. Mama akainua mkono kumzuia.

"Daktari, na wengine je?"

"Watasubiri. Kila mmoja nitamfanyia hivihivi. Naapa."

"Sisemi hao wa kwenye benchi," alisema Mama Jilala. "Nasema yule binti wa jana, mwenye mimba."

Cornel aliishusha sindano, akaipandisha tena. Swali hilo halikuwamo kwenye dodoso.

"Panua kinywa, mama," alisema, akaisogeza sindano.

Mama Jilala akapanua. Macho yake aliyaweka ukutani, kwenye kile cheti, na hakuyaondoa mpaka jino lilipotoka.