Pombe ya Kosa Dogo

Asubuhi hiyo ya mwaka 1954, Rugamba wa Nyamitaba aliingia nyumbani na chombo cha mti cha kukamulia, kimejaa maziwa hadi mdomoni. Akasimama mbele ya mke wake, Vénantie, akakinyoosha. Vénantie alikuwa ameketi mkekani anachambua maharage. Akaendelea kuchambua.

Wasiofuga watasema: si akiweke chini tu? La hasha. Katika nyumba hizo mwanaume hukamua, mke hupokea. Maziwa yakishavuka mlango ni ya mke, na ndiye anayemimina. Mume anayejimiminia huku mke yupo ametangazia kilima kizima kwamba hana mke. Kwa hiyo Rugamba, mwenye ng'ombe, ndevu na benchi la mbele kanisani, alibaki na mikono mbele kama sanamu ya Mtakatifu Yosefu.

Tena baba mkwe alikuwa anatazama.

Mzee Kanyamibwa alikuwa amemsindikiza binti yake kutoka Burungu jana yake, akalala hapo. Sasa aliketi karibu na moto, fimbo katikati ya magoti, akingoja maziwa ya kuagana. Vénantie akimimina, ndoa imesimama. Asipomimina, mzee atarudi naye Burungu, na safari hii hakuna pombe itakayomtoa.

Kwani pombe ilishanywewa. Vénantie alikuwa amekimbilia kwa baba yake tangu kabla ya Pasaka, na desturi ilimtaka mume amfuate na mitungi ya pombe ya ndizi, ataje kosa lake mwenyewe mbele ya wakwe. Mke hasemi, mwenye kosa ndiye husema. Jana Rugamba aliinuka, akakohoa kama msomaji wa Waraka, akatangaza: "Nilimutukana. Nilimuita muvivu." Kati ya makosa ya waume, hilo ni la bei ya kuku. Wazee walitikisa vichwa kwa huzuni kubwa, wakafungua mitungi kwa haraka kubwa zaidi. Kesi ikaisha.

Lakini Vénantie, alipotoka hospitali ya Kirotshe siku moja kabla hajakimbia, alikuwa ameiona pulova ya mume wake katika soko la hapo, ambako Rugamba alikuwa akiuza siagi, mgongoni mwa mwanamke aitwaye Dancille. Vénantie aliifuma mwenyewe, kola ya buluu, kama alivyofundishwa na masista. Hakumwambia mtu. Alingoja mwenye kosa aseme.

"Vénantie, pokea," alisema Rugamba. Povu lilikuwa limeanza kushuka.

"Mikono yangu iko na kazi."

"Papa yako iko na kiu."

"Papa alikunywa jana. Alikunywa vizuri."

Mzee akainua kichwa. "Weye mutoto, unanichekelea? Bwana yako alisema kosa, tukasikia, ikaisha."

"Basi mumuulize, Papa. Ile matusi njo ilinitoa ku nyumba?"

Maziwa yakamwagikia vidole vya Rugamba. Angeweza kujibu ndiyo. Mzee mwenyewe aliomba kwa macho ajibu ndiyo. Alikuwa na mwendo mrefu mbele yake, na alipenda mambo yaliyokwisha. Neno moja, na mzee angemwamuru binti apokee, na binti angetii. Rugamba akamtazama mke wake. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya maharage.

"Hapana, Papa," alisema. "Haiko matusi. Nilikuwa nalala kwa mwanamuke mwingine. Dancille wa Kirotshe. Nilimupa hata pulova yenye bibi yangu alinifumia."

Mzee akasimama. Fimbo nayo ikasimama.

"Ulinikunywesha pombe ya uongo? Miye? Mbele ya wandugu yangu?"

"Njo vile, Papa."

"Vénantie! Chukua nguo zako, tuende!"

Vénantie aliinuka polepole, akakung'uta kitenge. Hakwenda kwenye nguo. Alikuja akasimama karibu kabisa na mume wake.

"Ulimuacha?"

"Nilimuacha."

"Siagi utauzia wapi sasa?"

"Sake."

"Sake iko karibu kupita Kirotshe. Ulikuwa unapita Sake na siagi ku kichwa."

"Nilikuwa napita."

Fimbo ya mzee ilikuwa bado hewani. Vénantie akapokea chombo kwa mikono miwili, akammiminia baba yake kikombe.

"Kunywa, Papa. Ukifika, uwaambie wandugu pombe itakuja ingine."

"Mitungi ngapi?" aliuliza mzee, kwa ukali.

"Ya kosa kubwa," alisema Rugamba.

Maziwa aliyomiminiwa na binti yake, mzee hakuweza kuyakataa bila kumkataa yeye. Akaketi kwa hasira, akanywa kwa hasira, akafuta mdomo.

Rugamba naye akanyoosha kikombe chake. Vénantie akafunika chombo.

"Na yangu?"

"Yako ni kesho."

"Kesho utakuwa hapa?"

Akarudi mkekani, akavuta maharage yake karibu.

"Kesho ukamue mapema," alisema.