Bakuli la Rangi Tatu

Mama yangu alikuwa anakataa kula, na mimi nilikuwa nakaribia kugombana naye. Nasema ukweli wangu. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu ateleze uani kwake kijijini Idete akagonga taya kwenye kinu. Meno manne yaling'olewa, daktari akasema mwezi mzima ale vitu laini tu. Nikamleta kwangu hapa mjini, Viwanja Sitini, nikampa chumba chenye dirisha la barabarani, nikawa naacha cherehani yangu nusu siku ili nimpikie. Uji wa mchele, uji wa ulezi, uji wa karanga. Nilimpelekea chumbani ukiwa wa moto, kwenye kibakuli chake mwenyewe, na kitambaa cha kufutia mdomo.

"Mmeshakula?" anauliza kwanza.

"Tumeshakula, mama. Kula wewe."

Anakula vijiko viwili, vikizidi sana vitatu, halafu anafunika. "Imetosha. Mpeni Edna."

Kliniki mzani ulikuwa umeshuka mara mbili mfululizo. Muuguzi hakuzungusha maneno. Aliniambia kwamba Jumatatu mama akija amepungua tena, atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani. Mama alisikia kila kitu. Tukiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani alisema neno moja tu: "Mvua zimeanza, mpunga wangu anapanda nani?" Yeye alitaka Idete. Mimi nilimtaka awe hai, na nilishaanza kuogopa.

Edna ni binti yangu. Anasoma mambo ya hoteli Morogoro na alikuwa likizo. Ijumaa aliniwekea simu mbele ya macho nikiwa nashona. Kwenye picha kulikuwa na bakuli la kioo lililojaa matunda yaliyosagwa, rangi juu ya rangi, chini kijani, katikati njano, juu nyekundu, na karanga zimemwagwa kama mapambo. Yeye aliiita smuthi ya bakuli. Mimi niliona juisi iliyogoma kumiminika.

"Mama, bibi amechoka na uji," alisema. "Uji ni wa wagonjwa. Hiki ni chakula cha wageni, na hakitafunwi."

Nilitafuta kosa la kumwambia, nikalikosa. Jioni ile tulikata ndizi mbivu tukazigandisha kwenye friji.

Jumamosi asubuhi tuliamka mapema. Edna alitoa pakiti ya majani ya chai ya kijani aliyokuja nayo, akanikabidhi. "Mama, wewe niandalie chai tu. Mengine niachie."

Chai! Kazi niliyoianza nina miaka saba. Niliinjika sufuria, nikatia maji, nikatia majani, nikaponda tangawizi nikatupia humo, nikaacha ichemke hadi ikachoka. Nilipoona imekolea vizuri nikamwita. Edna alichovya kijiko, akaonja, akafumba jicho moja.

"Mama! Hii ni dawa ya minyoo!"

"Umesema chai."

"Chai ya kijani haichemshwi, mama bwana. Maji yakichemka unayaepua, unayaacha yapoe kidogo, ndiyo unatia majani. Dakika tatu, unachuja. Basi."

"Hiyo siyo chai. Hayo ni maji yaliyopita karibu na chai."

Alicheka hadi akaegemea friji. Kwa mara ya kwanza katika wiki ile na mimi nilicheka. Ile yangu sikuimwaga. Niliiacha pembeni, na kaka yangu Donati alipofika na pikipiki kutoka Idete kumwona mama, alijimiminia kikombe, akatia sukari vijiko vinne, akasema ni nzuri. Donati hajawahi kukataa kitu chochote chenye sukari.

Edna alitengeneza chai yake ya dakika tatu, akaisaga pamoja na ndizi zilizoganda, parachichi na asali kidogo. Ikatoka nzito, ya kijani laini. Aliimimina chini ya bakuli langu la kioo, lile kubwa nililopewa siku ya harusi, kwa sababu vibakuli vyangu vingine vyote ni vya plastiki na rangi zisingeonekana. Akalitia kwenye friza hadi uso wake ukaganda, ili kitakachofuata kisizame. Kisha embe dodo, la njano kabisa, na ndizi tena. Friza. Alipofika kwenye papai umeme ukakatika, kama kawaida yake. Tukalisugua papai kwenye chujio la nazi kwa mwiko, tukachanganya na maji ya pasheni, akalilaza juu polepole kwa mgongo wa kijiko. Mwisho akanyunyiza karanga zilizotwangwa hadi kuwa unga, kwa ajili ya taya la bibi yake.

Lilikuwa zuri jamani. Nilijuta kulifikiria vibaya.

Edna akalibeba kwa mikono miwili kwenda chumbani. Mimi na Donati tulikaa kwenye mkeka barazani, na kati yetu kulikuwa na sinia la kiporo cha wali na kambale wa jana. Wote wawili tulimtazama yule kambale, hakuna aliyemgusa. Kwetu Idete tulikuwa watoto saba kwenye sinia moja, na wa kugawa samaki alikuwa mama. Alimchambua kwa ncha za vidole, akatoa miiba, akasukuma vipande hadi upande wa kila mtu, na ole wako upeleke mkono kabla hajasema "kuleni". Sinia likibaki na mabaki lilikuwa langu kulikomba, kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba.

"Gawa basi," alisema Donati.

"Gawa wewe, mkubwa ni wewe."

Tukiwa hapo tukibishana, Edna akarudi. Bakuli lilikuwa mikononi mwake vilevile, rangi tatu zimetulia, hata karanga hazijasogea.

"Bibi anauliza kama mmeshakula," alisema kwa sauti ndogo.

Hasira zikanipanda. Nilimnyang'anya bakuli nikaingia chumbani bila kubisha hodi.

"Mama, tumeamka alfajiri kwa ajili ya hiki. Jumatatu watakulaza! Unataka tufanye nini?"

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amejifunga kitenge vizuri, amechana nywele. Alilitazama bakuli.

"Kubwa," alisema. "La nani na nani?"

"Lako. Lako peke yako."

"Konsolata." Akinitaja jina hivyo najua nimeharibu. "Wiki tatu nakula peke yangu humu, nimetengwa kama mwenye ndui. Nikiuliza mmeshakula unanijibu ndiyo, na mimi nasikia sahani zenu hapo nje. Kwangu nani alikula peke yake? Hata marehemu baba yako na homa zake alikula katikati yetu."

"Tuliogopa utatamani vitu vigumu, mama. Halafu... unadondosha. Tulidhani unaona aibu."

"Nimekunyonya kamasi kwa midomo yangu, leo nikuonee aibu wewe?"

Kila siku alikuwa ameniuliza, mara tatu kwa siku, na kila siku nilimjibu uongo nikidhani namheshimu. Kile kibakuli kidogo nilikinunua sokoni mwenyewe, nikajisifu kwamba nimemchagulia chenye maua. Niliona uchungu, niliona na aibu, nikaweka bakuli la kioo kitandani nikamshika mikono ili anyanyuke.

Alipotokeza barazani Donati alisimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sogeza miguu."

Aliketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, mahali ambapo kumbe tulikuwa tumepaacha wazi. Nilitua bakuli katikati, Edna akaleta vijiko vinne. Mama akachagua kimoja, akakishusha pembeni mwa bakuli kutoka juu hadi chini.

"Bibi, subiri nipige picha!" Edna alipiga kelele.

Wapi. Papai liliingia kwenye embe, embe likaingia kwenye kijani, na mama akachora mistari kama anavyogawa jaruba la mpunga.

"Donati, upande wako huu. Edna, kula hapa penye embe jingi, umekonda huko chuoni. Konsolata, mbele yako." Halafu akalivuta sinia, akamchambua kambale mwiba kwa mwiba, akatusukumia vipande, na yeye mwenyewe akajiwekea kile laini cha tumboni. "Kuleni."

Tukala. Nilianza kuhesabu vijiko vyake kwa macho. Nilifika kumi na moja nikaacha, maana Donati aliona naangalia akanikanyaga mguu. Papai lilimtiririkia mama kidevuni, akajifuta kwa upande wa kitenge na kuendelea kumsimulia Edna kuhusu jirani aliyelima hadi ndani ya mpaka wake.

"Na hii ya kijani ni nini?" aliuliza katikati ya habari.

"Ndiyo chai, bibi."

Mama aliirambaramba ulimini, akafikiri. "Haijachemka hii."

Nilimtazama Edna. Nilimtazama kweli kweli, na yeye akainamia kijiko chake.

Umeme ulirudi, friji ikaanza kunguruma. Chini ya bakuli kulibaki duara dogo la rangi zote tatu zilizochanganyika, rangi isiyo na jina. Donati alipeleka kijiko. Mama akampiga kidoleni.

"Mchana tunakula nini?" aliniuliza.

Nikasema viazi, nitavichemsha vilainike, nivikaange kidogo na kitunguu, sote.

"Haya," alisema mama, akalisukuma bakuli kwenye mkeka hadi likagusa goti langu. "Komba."

Nina miaka arobaini na tisa. Niliweka kijiko chini, nikakomba kwa kidole.