Ganzi Si Nusu Kaputi

Kosa lilikuwa la Abdulrauf na mdomo wake usio na breki. Mkewe, Mahira, alimweleza taratibu kwamba mtoto wao mchanga atatahiriwa kwa dawa ya ganzi. Yeye akaenda kumwambia mamake kwamba mtoto atapigwa nusu kaputi, alazwe usingizi kabisa. Basi! Bi Mishi, aliyekuja Nairobi kutoka Mombasa kwa ajili ya akika, akaapa kwamba mjukuu wake hageuzwi nusu maiti na mtu yeyote.

"Babake alitahiriwa kavu," alisema, "na mbona yu hai, anabugia pilau?"

Mahira alimkumbuka kifungua mimba wake, Abdulfatah. Naye alitahiriwa kavu, akalia mpaka sauti ikamkauka, Mahira mwenyewe nje ya pazia akiuma leso. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Safari hii halirudiwi jambo hilo, liwe liwalo.

Kliniki ilikuwa ghorofani, karibu na River Road, juu ya duka la misumari. Daktari Nyakio alikwisha kumpaka mtoto krimu ya ganzi. Akaeleza kwamba krimu hufisha ganzi ngozi ya juu tu, kwa hiyo atadunga na sindano ndogo pale kwenye shina, asubiri ishike, ndipo akate. Bi Mishi kusikia sindano, akamnyakua mjukuu.

"Halazwi mtu hapa. Twende zetu."

"Mama," Mahira akasema, "lile gego lako walipoling'oa, ulilazwa?"

"Nilazwe wapi? Nilikuwa macho, namtukana daktari wa watu."

"Na uliumwa?"

"Niumwe vipi, na mdomo wote umekufa ga..." Daktari aligeukia ukutani kuficha kicheko.

"Ni hiyo hiyo, Mama. Nusu kaputi kaileta mwanao."

Bi Mishi akamrudisha mtoto kitandani polepole. "Abdulrauf atanitambua leo," alisema.

Sindano ilipoingia, mtoto alikunja uso. Mahira akamdondoshea maji ya sukari ulimini, naye mtoto akatulia. Wakasubiri ganzi ishike. Daktari alipoanza kukata, Mahira alikuwa mumo humo ndani, akikingoja kile kilio anachokijua. Hakikuja. Mtoto alimung'unya utamu wake, macho yakimlegea.

"Tumemaliza," alisema daktari.

Bi Mishi hakujiweza. Akapiga vigelegele vilivyofika hadi kwa wauza misumari, na hapo ndipo mtoto aliposhtuka, akaangua kilio chake cha kwanza asubuhi ile.