Ukubwa Wangu na Daftari la Ndui

Mimi na mdogo wangu Taratibu tulikua nyumba moja, baba mmoja, mama wawili. Mama yake alikuwa mke wa kwanza, wangu wa pili. Baba alikuwa mwashi, na wake zake walishika mimba karibu karibu, mmoja akiwa bado ananyonyesha mtoto wake wa kwanza, mwenzake naye anashika ukuta kwa uchungu. Nani kati yetu alitangulia kutoka? Mimi. Nimesema hivyo tangu nilipojua kusema, na kwa miaka sabini na kitu Taratibu ameniamkia shikamoo kila asubuhi, nami nimeitikia marahaba bila haya.

Ushahidi wangu ulikuwa mmoja, na ulitosha. Siku tulipopelekwa kuandikishwa shule, mwalimu alitupima umri kwa mkono. Unaupitisha juu ya kichwa. Ukigusa sikio la upande wa pili umeiva, usipogusa rudi nyumbani ukakue. Mimi niligusa. Taratibu alibaki anajikuna utosi. Nikaingia darasa la kwanza, yeye akarudi nyumbani analia, na tangu siku hiyo nikawa dada. Kwamba mikono yangu ni mirefu kama ya mtu aliyeumbwa kufuta buibui darini, hilo hakuna aliyeliuliza.

Mambo yangeendelea hivyo kama si binti wa kaka yetu aliyetufuata kuzaliwa. Huyu ni mpima ardhi, mtoto wa kupenda mistari iliyonyooka. Baba yake alipofariki mwaka jana alishtuka kwamba hakuna wengi waliobaki wa kuulizwa, basi akaamua kuupima na ukoo. Jumamosi ukoo wote unakutana, akasema, naye atabandika ukutani karatasi kubwa yenye kila mtu kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa wino usiofutika. Akaja kwetu na kalamu.

"Shangazi mkubwa, ulizaliwa lini?"

"Kabla ya huyu."

"Tarehe, shangazi."

"Mwanangu, siku hiyo sikuwa na saa."

Akamgeukia Taratibu. Taratibu akasema yeye alizaliwa baada yangu, ndivyo alivyoambiwa.

"Uliambiwa na nani?"

"Na yeye."

Binti akanitazama kama askari anavyotazama tairi lililokwisha. Kesho yake asubuhi tulikuwa ofisi ya nyaraka za zamani, sote watatu.

Mume wangu alikuwa mzuri, na meno yangu yalikuwa mazuri, na vyote vimeondoka. Ukubwa ndio uliobaki. Halafu nao uje uondolewe kwa penseli?

Maana ilikuwa penseli kweli. Chumba cha kusomea kilikuwa na meza ndefu, feni inayozunguka kama imelazimishwa, na mtunza nyaraka aliyevaa sweta kwenye joto lile. Mikoba iachwe kwenye kabati la mlangoni. Kalamu ya wino marufuku. Chai marufuku. Kulamba kidole ili ufunue ukurasa, marufuku mara mbili.

"Mate yako, mama, ni mabaya kuliko mchwa," akaniambia.

"Mume wangu hakulalamika," nikamjibu. Akajifanya hakusikia, lakini sweta lilitikisika.

Tulianza na rejista ya shule. Jina langu lilikuwepo, mwaka mzima kabla ya la Taratibu. Umri: kama miaka saba. Nikasimama.

"Haya, twendeni nyumbani."

"Kaa, shangazi. Hiyo 'kama' si umri."

"Huo ni umri wa mkono wako, mama," akasema mtunza nyaraka, akiipima mikono yangu kwa macho. Nikaificha chini ya meza.

Binti akajaza fomu ya kuomba vitabu vya vizazi, akaandika majina yetu. Fomu ikarudi: hakuna. Akajaza nyingine, mwaka wa nyuma yake. Hakuna. Ya tatu, hakuna. Mimi kila 'hakuna' nilikuwa naisikia kama ngoma ya harusi. Lakini yule bwana alivuta kiti akakaa nasi, na hapo ndipo nilipoanza kumchukia.

"Mnakosea hapa," akasema. "Mnatafuta majina ya hawa mama. Wakati ule vizazi vya mitaa yenu havikuandikwa, na mtoto mchanga hakuandikwa jina. Aliandikwa kwa baba yake, na baba kwa kazi yake na mtaa wake. Mtafuteni baba. Halafu msitafute siku ya kuzaliwa. Tafuteni siku serikali ilipowagusa mara ya kwanza."

"Mimi serikali ilinigusa wapi?" nikauliza.

"Mkononi," akasema, na akaonyesha kovu langu karibu na bega, lile la mviringo ambalo kila mtu wa rika letu analo. Chanjo ya ndui.

Akaingia ndani, akatoka na daftari refu kama mlango wa kabati, limefungwa kwa utepe mweupe. Kila ukurasa mtaa wake, kila mstari mzazi mmoja, idadi ya watoto, umri wa kila mtoto. Binti akatuachia daftari, akaenda kaunta kuomba nakala ya rejista ya shule. Taratibu alikuwa ameacha miwani kwenye mkoba, na mkoba uko kabatini. Basi macho yakawa yangu peke yangu, pamoja na kioo cha kukuzia nilichopewa.

Nikapita mtaa wa wachinjaji. Nikapita mtaa wa stesheni. Kisha nikafika nyuma ya kiwanda cha sabuni, kwetu, na baba yetu huyu hapa: mwashi. Mke wa kwanza, mtoto wa kike, miezi sita. Mke wa pili, mtoto wa kike, miezi mitano. Na pembeni, kwenye maelezo ya huyu wa pili, karani aliongeza: analia sana.

Nikafunua ukurasa.

"Umeona nini?" akauliza Taratibu.

"Watu wa mtaa mwingine."

Mtunza nyaraka akakohoa. "Mama, umeruka ukurasa."

"Umenata."

"Haujanata. Umeuruka."

Kuna watu Mungu amewapa macho ili watuudhi sisi wengine. Nikarudi nyuma, nikasoma kwa sauti, nikasoma yote, hata ile 'analia sana'. Kisha nikainua kidevu kama mtu anayenyolewa, nikasema, "Haya. Shikamoo, dada."

Nilingoja acheke. Alikuwa na haki ya kucheka mpaka ofisi ifungwe.

"Funga hilo daftari," akasema Taratibu.

"Taratibu, wewe ndiye mkubwa. Mwezi mzima."

"Nimesikia. Lifunge."

"Nilidhani utafurahi."

"Nifurahie nini? Mama alipokufa ulisimama mbele, mimi nikakaa nyuma ya mgongo wako. Baba naye hivyo hivyo. Kaka alipokufa, watu wakaniuliza mbona hukiogopi kifo. Nikasema bado yupo yule mbele yangu. Leo unanisomea kwamba mbele yangu hakuna mtu?"

Mtunza nyaraka akageuka kuitazama feni yake.

Binti akarudi, akausoma mstari, akapiga kelele ya furaha ambayo nayo ilikuwa marufuku. Akanakili kila kitu kwa penseli, mpaka namba ya ukurasa. Najua mnachofikiri, kwamba nilimvuta pembeni nikamwomba aache mambo yalivyo. Niliwaza. Lakini karatasi ile itasomwa na watu ambao hata hawajazaliwa, na hao sina sababu ya kuwadanganya, maana sitakuwepo kuona nyuso zao. Nikamwambia, "Andika kama ilivyo."

Jumamosi ikabandikwa sebuleni. Taratibu juu, mimi chini yake, wino mweusi. Watoto wakapanga foleni kuwaamkia wakubwa kwa mpangilio wa karatasi, na wa kwanza akamwendea Taratibu.

"Anza na yule," Taratibu akasema.

Akaja kwangu.

"Anza na yule," nikasema. "Hujui kusoma?"

Akarudi, akarudishwa. Wa pili vilevile. Watoto wakawa wanakwenda na kurudi kama barua isiyo na stempu, foleni imefika uani, wazazi wao wamejishika mbavu. Nami nilikuwa nacheka, mpaka nilipomtazama vizuri Taratibu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mgeni anayetaka kuaga.

Nikainuka. Nikakokota kiti changu, miguu yake ikipiga kelele sakafuni, nikakiweka mbele ya cha kwake, nikakaa.

"Haya, leteni shikamoo zenu hapa. Karatasi ibaki ukutani."

Binti akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga. Watoto wakaanza kupita, mmoja mmoja, nami naitikia marahaba, marahaba, mpaka koo likakauka. Nyuma yangu nikasikia kiti kinalia, mtu anajiegemeza vizuri. Halafu kidole kikanigonga mgongoni.

"Dada."

"Unasemaje?"

"Sogea kushoto kidogo. Unaniziba dirisha."